Kichaa Kizimbani: Maswali ya Waandishi wa Riwaya kwa Wakili

Hadithi za kesi za mauaji zina wasomaji wengi, na waandishi chipukizi wa Ubungo wamekuwa wakiniletea miswada yao niikague upande wa sheria. Karibu kila mswada una mshtakiwa anayedai kwamba alikuwa kichaa. Haya ni baadhi ya maswali yao.

Shikamoo wakili. Mhusika wangu kaua jirani yake Manzese. Wakili wake anamfundisha kujifanya kichaa, na siku ya hukumu anatoka mahakamani akapanda daladala kurudi kwao. Inakubalika?

Marahaba. Haikubaliki, hiyo daladala ifute kabisa. Mahakama ikiridhika kwamba alitenda, lakini ugonjwa wa akili ulimwondolea uwajibikaji, inatoa uamuzi maalumu: kitendo alikifanya, ila hana hatia kwa sababu ya ugonjwa. Hapohapo inaamuru aendelee kushikiliwa, na kumbukumbu za kesi zinapelekwa kwa Waziri. Wagonjwa wa aina hii hupelekwa Dodoma, Taasisi ya Isanga, iliyo chini ya Hospitali ya Mirembe. Mfungwa wa miaka saba anaijua siku yake ya kutoka. Wa Isanga haijui.

Hata chimbuko la utetezi huu linasema hivyohivyo. Mwaka 1843, jijini London, Daniel M'Naghten alimpiga risasi Edward Drummond, katibu wa Waziri Mkuu Robert Peel, na Drummond akafa. M'Naghten alionekana hana hatia kwa sababu ya wazimu, lakini uraiani hakurudi tena. Alifia Broadmoor, hospitali ya wahalifu wenye ugonjwa wa akili, mwaka 1865.

Ukivuka Namanga, badilisha sentensi ya jaji: Kenya sheria yao inasema ana hatia, lakini ni mwendawazimu.

Nani anayetakiwa kuthibitisha kwamba mtu alikuwa mgonjwa?

Yeye mwenyewe mshtakiwa, na hapa ndipo miswada mingi inapopotea. Jamhuri lazima ithibitishe mauaji pasipo kuacha shaka yoyote ya msingi. Lakini sheria inaanza kwa kudhani kwamba kila mtu ana akili timamu, kwa hiyo anayedai vinginevyo ndiye anayebeba mzigo. Nafuu yake ni kwamba kipimo kinashuka: inatosha kuonyesha kuwa kuna uwezekano mkubwa zaidi kwamba alikuwa mgonjwa kuliko kwamba hakuwa.

Kifungu cha 13 cha Kanuni ya Adhabu kinauliza hali yake ilivyokuwa wakati ule wa kutenda. Je, ugonjwa ulimfanya asielewe anachofanya? Asitambue kwamba hapaswi kukifanya? Au ashindwe kujizuia? Hili la mwisho halimo katika kanuni za M'Naghten, zilizozaliwa na kesi ile ya London, na mwandishi makini anaweza kulijengea sura nzima. Hasira haitoshi. Kuamini kwamba jirani ni mchawi nako, peke yake, hakutoshi, maana watu wengi wenye akili timamu wanaamini hivyo. Ulevi una kifungu chake.

Daktari akisema ni mgonjwa, kesi si imekwisha?

Haijaisha. Dalili zikijitokeza, mahakama inaweza kuahirisha kesi na kumpeleka mshtakiwa hospitali ya akili achunguzwe, na sheria inampa daktari siku 42 kuandaa taarifa. Jaji ataipa uzito taarifa hiyo, lakini hafungwi nayo akiwa na sababu nzuri za kuikataa.

Kwa hiyo usimtegemee daktari peke yake. Mlete shahidi aliyeishi naye: mwenye nyumba aliyemsikia akiongea peke yake usiku kucha, dada aliyemfungia ndani alipoanza kuvua nguo barabarani, mama ntilie aliyeshangaa mteja wake kuacha kula akidai chakula kina sumu. Halafu wakili wa Serikali asimame na swali moja tu: baada ya kuua, panga alilificha wapi? Aliyeosha damu na kupanda basi la Mbezi alfajiri ana kazi ngumu ya kujieleza. Aliyekutwa ameketi kando ya maiti akiisubiri iamke ni jambo jingine. Tamthilia yako iko hapo.

Na lile baraza la raia kumi na wawili?

Liondoe. Kwetu jaji ndiye anayeamua. Washauri wa mahakama tulikuwa nao, lakini tangu marekebisho ya mwaka 2022 kuwaita si lazima tena.

Mhusika wangu ni mama aliyemuua mwanawe wa miezi miwili. Naye nimpeleke Isanga?

Soma kwanza kifungu cha 199 cha Kanuni ya Adhabu. Mama akimuua mtoto wake wa chini ya miezi 12 kwa sababu akili yake haijatulia kutokana na kujifungua, anaadhibiwa kama aliyeua bila kukusudia. Anaepuka kitanzi, ambacho ndiyo adhabu ya lazima kwa kuua kwa kukusudia. Naomba umwandike kwa huruma.

Nataka mwisho wa kushtukiza: kumbe muda wote alikuwa anaigiza.

Filamu ya Primal Fear ya mwaka 1996 ilishafanya hivyo, na waliofuata nyayo zake ni wengi mno. Lakini kinachoniuma si kuiga. Msomaji aliyelishwa mwisho huo mara kumi atamwona mgonjwa wa kweli kizimbani na kusema, "Anajifanya huyo." Nimewaona ndugu wa mshtakiwa wakizomewa kwenye korido kwa maneno hayo.

Vikao vya Mahakama Kuu kwa kawaida viko wazi kwa yeyote. Kabla hujaandika sura ya hukumu, nenda Kivukoni asubuhi moja, keti kiti cha nyuma, usikilize shauri la mauaji mpaka liahirishwe.