Kipande cha kasa kwenye skrini

SWALI: Nasomea sayansi ya bahari Mombasa. Tuna slaidi ya uvimbe wa kasa, na mtaalamu tunayemtegemea yuko Marekani. Je, nikiipiga picha kwa simu kupitia hadubini na kumtumia, haitoshi?

JIBU: Inatosha kumwonyesha ulichokiona wewe. Ugonjwa huu, fibropapilomatosisi, ulielezwa mwaka 1938 kwa kasa wa Florida. Mayai ya minyoo ya damu yaliyokutwa ndani ya uvimbe yaliwahi kushukiwa kuwa ndiyo chanzo. Leo kidole kinaelekezwa kwa kirusi cha jamii ya herpesi. Jicho hufuata linachokitafuta, kwa hiyo mwache mtaalamu atafute mwenyewe kwenye slaidi nzima, iliyopigwa kwa skana.

Skana ya slaidi hupiga kioo chote vipande vipande, kisha huviunga. Kwa mikroni 0.25 kwa pikseli, kipande cha nyama cha milimita 15 kwa 20 hutoa pikseli bilioni 4.8. Usihofie bando la mtaalamu: picha ikishawekwa kwenye seva, hupakuliwa kama ramani ya simu, yaani pale anapotazama tu. Isitoshe, picha huepusha kusafirisha slaidi yenyewe: nyama ya kasa haivuki mpaka bila vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini.

Kasoro ipo. Skana nyingi hupiga kina kimoja tu, na mtazamaji hawezi kurekebisha fokasi. Omba tabaka kadhaa. Ambatisha pia spishi, urefu wa gamba, mahali alipopatikana kasa na rangi mliyotumia. Slaidi yenyewe msiitupe.