Kuhama Goma kwa Miguu: Mkubaliane Kabla ya Kufunga Mizigo

Kabla hamjafunga mizigo, amueni neno la mwisho ni la nani. Nayasema haya kwa sababu niliukimbia mlima wa volkano wa Nyiragongo mwaka 2002 nikiwa mtoto, na mwaka 2021 nikiwa mzazi.

Mlima ulipolipuka jioni ya 22 Mei 2021, kila mtu alikimbilia alikoona njia: wengine mpaka wa Gisenyi, Rwanda, wengine barabara ya Sake. UNICEF ilitangaza kwamba watoto zaidi ya 150 walikuwa wametengana na familia zao. Hilo ndilo lililotukalisha chini, majirani wa nyumba chache. Alfajiri ya 27 Mei, gavana wa kijeshi Constant Ndima alipoamuru kartiye 10 kati ya 18 za mji zihame, sisi tulikuwa tumeshakubaliana.

Kiongozi tulimchagua mama mmoja anayeuza sambaza, samaki wadogo. Hana sauti kubwa, lakini anamjua kila mtoto wa avenyu kwa jina, na akiulizwa jambo hunyamaza kwanza. Watoto tuliwafundisha majina kamili ya wazazi wao. Mtoto aliyepotea akisema anamtafuta Mama Furaha hatasaidika, maana akina Mama Furaha barabarani ni wengi. Namba ya simu iandikeni ndani ya nguo.

Kisha mpangilio wa mwendo: Sake iko zaidi ya kilomita 20 kutoka Goma. Mwenye mwendo mzito atangulie, vijana wafunge nyuma. Mkifanya kinyume, kundi litakatika kabla ya kufika Mugunga. Chukudu, baiskeli ya mbao ya kusukuma, ni ya kubebea bibi asiyeweza kutembea, pamoja na bidoni za maji. Godoro la mtu libaki nyumbani, hata kama chukudu ni yake. Hapo ndipo ugomvi huanza, basi umalizeni mkiwa bado uani.

Kwa mambo ya kawaida, kama kupumzika au kula, wengi wakitaka, inatosha. Kwa hatari sisi tulikuwa na sheria nyingine: kusimama au kuhama mahali, sauti ya mtu mmoja inatosha, hata ikiwa ya mtoto; kuingia penye hatari, lazima wote wakubali. Wapo wanaosema sheria hiyo huchelewesha kundi. Kweli, huchelewesha, nami bado naishika.

Chukueni mfano wa mahali pa kulala. Watu wamechoka, upepo ni baridi, na kando ya barabara kuna bonde dogo lenye utulivu. Kila mtu atalitaka. Lakini kwetu mabonde ya namna hiyo yanaweza kuwa na mazuku, gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa, hukaa chini, na huzidi usiku na alfajiri upepo ukitulia. Haionekani. Mtoto aliyelala chini huivuta wakati mtu mzima aliyesimama bado anapumua vizuri. Mzee mmoja wa kundi letu alisema hapataki, na hatukumuuliza sababu. Tulipanda juu tukalala kwenye upepo.

Kurudi nako kunataka kikao. Januari 2002 watu wengi walikufa kituo cha mafuta kilipolipuka mjini, siku chache baada ya lava kupita. Mwaka 2021 wengine walikufa kwa gesi wakijaribu kuvuka lava ambayo ilikuwa haijapoa. Msirudi kwa sababu jirani amerudi. Sikilizeni kituo cha uchunguzi wa volkano, OVG, kisha mjadili.

Familia ikitaka kujitenga, kama ile iliyochagua boti ya Bukavu, iacheni iende, ila hesabuni watoto kwa majina kabla hamjaagana. Na simu ziwashwe kwa zamu, moja moja, nyingine zizimwe: huko njiani umeme wa kuchaji ni shida.