Uzamili wa fiziolojia au patholojia kwa ada nafuu

Kabla ya kulinganisha ada, amua unataka kazi gani. Kusoma tishu za wagonjwa na kutoa majibu hospitalini kunahitaji MMed ya patholojia, na hiyo hupokea madaktari. Anayetaka kufundisha au kutafiti fiziolojia atafute MSc. Anzia vyuo vikuu vya Muhimbili, Makerere au Nairobi, ukihakiki ithibati kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) au mamlaka ya nchi husika. Uliza hasa gharama za utafiti: vitendanishi, kibali cha maadili, nauli za kukusanya sampuli. Mara nyingi hazimo kwenye jedwali la ada, na ndizo humkwamisha mtu mwaka wa mwisho. Ukitaka kusoma mbali zaidi, Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi ada, ila jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula.