FILIMBI ZA KALE NDANI YA TARAKILISHI

Leo hebu tujifunze jinsi sauti ya filimbi za kale za Meksiko inavyoingia katika muziki wa siku hizi, na kinachopotea njiani.

Kabla ya Wahispania kufika, Wamaya na Waazteki walifinyanga filimbi za udongo. Nyingine zilikuwa na umbo la watu, kama zile za Wamaya zilizopatikana kisiwani Jaina. Kwa lugha ya Waazteki filimbi iliitwa tlapitzalli. Ilifanya kazi kama filimbi ya refa: pumzi hupita kwenye mfereji mwembamba, hugonga ukingo mkali, na hewa iliyo ndani hutetema. Vidole huziba na kufungua matundu ili sauti ishuke au ipande.

Je, huingiaje tarakilishini? Mtu huipuliza mbele ya kipaza sauti. Mashine huipima sauti hiyo, kwa kiwango cha sidii, mara 44,100 kila sekunde na kuweka vipimo kama tarakimu. Kipande hicho ndicho sampuli. Ukibonyeza kinanda, sampuli hulia. Ukitaka sauti ya juu, mashine huiharakisha. Kasi ikiwa maradufu, sauti hupanda oktava moja, lakini pumzi ya mpigaji nayo hukimbizwa, yaani ni kama mtu anayehema baada ya mbio! Ndiyo maana mafundi hodari hurekodi noti nyingi, si moja.

Tatizo la pili ni kwamba kinanda hugawa oktava katika hatua 12 zilizo sawa. Filimbi hizo zilifinyangwa kwa mkono, kila moja na noti zake. Ukizilazimisha zifuate kinanda, unabaki na mlio tu.

La tatu ni zito. Katika sikukuu ya Waazteki iitwayo Toxcatl, kijana aliyemwakilisha mungu Tezcatlipoca alikuwa amepiga filimbi kwa mwaka mzima. Siku hiyo alizivunja moja moja akipanda ngazi za hekalu kwenda kutolewa kafara. Sauti kama hiyo huwezi kuichukulia kama pambo la disko.

Sisemi tuiache. Jorge Reyes, mwanamuziki wa Meksiko aliyefariki mwaka wa 2009, alipiga ala za kale pamoja na sinthesaiza, na muziki ukapendeza. Ninachoomba ni kwamba anayetumia sampuli aseme ni filimbi gani na ni ya watu gani. Wahenga walinena: ukiona vyaelea, jua vimeundwa.