Tanuri Lililokandikwa: Somo Kutoka Galaksi Zenye Vumbi

Kila kiangazi tukisafiri kati ya Mbeya na Iringa tunaona matanuri ya matofali kando ya vijiji. Tanuri likishakandikwa udongo pande zote, anayepita mbali usiku anaweza kudhani limezimika. Lakini ukisogeza kiganja, joto linakuambia kwamba ndani kuni zinawaka. Tanuri hilo litusaidie kuelewa somo la leo.

Vumbi linafanya nini?

Galaksi ni mkusanyiko wa mabilioni ya nyota, pamoja na gesi na vumbi. Galaksi yetu tunaiona usiku usio na mwezi kama ukanda mweupe wenye mabaka meusi. Mabaka hayo si utupu, bali ni vumbi linaloziba nyota za nyuma yake. Vumbi hunyonya nuru ya nyota, hupata joto, kisha huitoa nishati hiyo kama mionzi ya infraredi, ambayo macho yetu hayaioni. Vipimo vinaonyesha kwamba karibu nusu ya nuru iliyowahi kutolewa na nyota imepitia njia hiyo. Anayehesabu kwa nuru ya kawaida tu anakosa karibu nusu ya hesabu.

Mfano: galaksi HDF 850.1

Desemba 1995 darubini ya Hubble ilipiga picha ya sehemu ndogo sana ya anga, zikaonekana galaksi zipatazo 3,000. Mwaka 1998 ilitangazwa kwamba darubini ya James Clerk Maxwell, huko Hawaii, imetazama sehemu hiyohiyo kwa mawimbi ya milimita 0.85. Kilichong'aa kuliko vyote katika mawimbi hayo hakikuonekana katika picha ya Hubble.

Kwa nini mawimbi hayo? Kwa sababu ulimwengu unatanuka, na mawimbi ya joto la vumbi hurefuka yanaposafiri mabilioni ya miaka. Mvuke wa maji hewani huyazuia, ndiyo maana darubini za namna hiyo huwekwa mahali pa juu na pakavu. Ile ya Hawaii iko zaidi ya mita 4,000. ALMA ya Chile iko mita 5,000. Mlima wetu Rungwe haufikii mita 3,000.

Kujua umbali wa galaksi hiyo kulichukua miaka 14. Mwaka 2012, kwa antena zilizounganishwa katika milima ya Alps, Ufaransa, zilitambuliwa alama za kaboni na kaboni monoksidi. Kwa kupima jinsi mawimbi yake yalivyorefuka, ilijulikana kwamba nuru hiyo imesafiri miaka kama bilioni 12.5. Kila mwaka galaksi hiyo ilikuwa ikizaa nyota zenye uzito wa majua 850 hivi. Yetu huzaa majua machache tu.

Eksirei nazo hupenya vumbi na kufichua mashimo meusi yanayomeza gesi. Setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za anga ilirushwa kutoka pwani ya Malindi, Kenya, tarehe 12 Desemba 1970. Jina lake ni la Kiswahili: Uhuru.

Somo kwetu

Padre Georges Lemaître, aliyeeleza kutanuka kwa ulimwengu mwaka 1927, hakutaka nadharia yake itumike kama uthibitisho wa imani. Nasi tusiigeuze galaksi iliyofichika kuwa hoja ya kuwepo kwa Mungu. Tujifunze unyenyekevu wa kuuliza: je, hawa ndio wote? Ndivyo Samweli alivyouliza nyumbani kwa Yese baada ya kupitishiwa wana saba, kumbe Daudi alikuwa machungani.

Katika jumuiya ndogondogo tunahesabu wanaohudhuria. Anayekesha akimuuguza mama yake haonekani, nasi tunasema amepoa. Mtoto wake anapohitaji ubatizo, viongozi tunasita kumpa barua. Tumelitazama tanuri kwa mbali, tukatoa hukumu. Kabla ya kusita, twende nyumbani kwake.

Maswali ya kutafakari

1. Kwa nini HDF 850.1 haikuonekana katika picha ya Hubble?
2. Kwa nini chombo kimoja hakikutosha?
3. Katika jumuiya yetu, ni nani tumesema amezimika bila kusogeza kiganja?