Dawa ya Mzio Shuleni: Ufunguo wa Kabati Uko kwa Nani?

Shule nyingi zina sanduku la huduma ya kwanza. Lakini kuna swali ambalo mzazi hapaswi kuona haya kuliuliza: mwanangu akizidiwa saa nne asubuhi, dawa yake iko wapi, na ufunguo uko kwa nani?

Funzo kutoka Kanada

Mwaka 2003, katika mkoa wa Ontario nchini Kanada, Sabrina Shannon, mwanafunzi wa miaka 13, alinunua chipsi katika kantini ya shule. Alikuwa na mzio wa maziwa. Inaaminika kwamba chipsi hizo zilishikwa kwa koleo lililokuwa limegusa jibini. Alipoanza kuishiwa pumzi alidhani ni pumu. Dawa yake ilikuwa shuleni, ndani ya kabati lake. Ilipoletwa, muda ulikuwa umekwisha, na hakupona.

Mwaka 2005 bunge la Ontario lilipitisha sheria yenye jina lake, iliyoanza kutumika Januari 2006. Inataka kila mwanafunzi mwenye mzio hatari awe na mpango wake ulioandikwa, na wafanyakazi wa shule wapewe mafunzo mara kwa mara. Kuwa na dawa hakutoshi. Lazima iwe karibu, na mtu ajue kuitumia.

Mzio hatari hutambuliwaje?

Mzio, ambao wengi huuita aleji, huweza kuletwa na njugu karanga, maziwa, mayai, samaki, sumu ya nyuki au dawa kama penisilini. Mara nyingi huishia kwenye muwasho tu. Unakuwa wa hatari mtoto anapovimba ulimi au koo, sauti inapokauka, kifua kinapotoa mluzi, au anapopata kizunguzungu na kuzirai. Huenda pia akatapika. Wakati mwingine upele hauonekani kabisa.

Dawa ya kwanza hapa ni adrenalini. Hufungua njia za hewa, hukaza mishipa ya damu iliyolegea na kuupa moyo nguvu. Vidonge kama Piriton hupunguza muwasho, lakini haviwezi kuchukua nafasi yake.

Hatua za kufuata

1. Mlaze chali, miguu ikiwa juu kidogo. Akishindwa kupumua, aketi huku miguu imenyooka. Asisimamishwe wala kutembezwa hadi ofisini, kwa kuwa shinikizo la damu linaweza kuporomoka ghafla.
2. Akiwa na sindano ya adrenalini yenye umbo la kalamu, mdungeni katikati ya paja, upande wa nje. Inaweza kupita juu ya sare.
3. Andikeni saa, kisha iteni ambulensi au gari. Bodaboda haimfai mgonjwa huyu kwa sababu anahitaji kulala.
4. Asipopata nafuu baada ya dakika 5, apewe dozi ya pili ikiwa ipo.
5. Hata akipata nafuu, apelekwe hospitali. Dalili huweza kurudi baada ya saa kadhaa.

Shule isiyo na kalamu hiyo

Tuseme ukweli: kalamu hizi ni ghali na si rahisi kuzipata nchini. Hata hivyo, adrenalini ya vichupa imo katika orodha ya kitaifa ya dawa muhimu, na hudungwa na mhudumu wa afya aliyefunzwa. Kwa hivyo mpango wa shule uanze na zahanati iliyo karibu. Mwalimu mkuu aulize mapema: je, adrenalini ipo? Zahanati hufunguliwa saa ngapi? Nani apigiwe simu ili dawa iwe tayari mtoto anapofika? Gari la nani litatumika?

Kuhifadhi dawa

Dawa ya mtoto iwe na jina na picha yake. Iwekwe mahali pasipofungwa kwa kufuli, ambapo walimu wote wanapajua, mbali na jua na joto la mabati. Isizidi nyuzijoto 25, wala isiwekwe ndani ya friji. Kila muhula unapoanza, tazameni tarehe ya mwisho wa matumizi. Ikibadilika rangi au kuwa na chembechembe, itafutwe nyingine.

Ya kujadili katika mkutano wa wazazi

• Ni watoto wangapi shuleni petu wana mzio, na je, mpishi anawajua?
• Ni walimu gani wawili wanaoweza kutoa dawa, mmoja akiwa hayupo?
• Kutoka darasa la mbali zaidi, dawa hufika baada ya dakika ngapi?

Swali la mwisho lijibiwe kwa saa mkononi. Mtu mmoja atembee hadi dawa ilipo na kurudi, wengine wakihesabu dakika.