Nachomwa homoni ya kiume, mbona hatupati mtoto?

SWALI: Nina miaka 31, nimeoa na huu ni mwaka wa tatu hatujapata mtoto. Mke wangu amepimwa, hana tatizo. Nanyanyua vyuma, na kwa miezi minane sasa mwalimu wa mazoezi ananichoma sindano ya testosteroni kila wiki. Mwili umejaa na tendo la ndoa halinisumbui, ila korodani naziona zimesinyaa. Je, homoni ya kiume inaweza kumharibia mwanamume uzazi? – Msomaji, Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Ndiyo, inaweza, na huko kusinyaa usikupuuze.

Korodani zina kazi mbili: kutengeneza testosteroni na kutengeneza mbegu. Amri ya kazi zote mbili hutoka kichwani. Chini ya ubongo kuna tezi ya pituitari, ndogo kama punje ya njegere, inayotoa homoni mbili ziitwazo LH na FSH. LH huamsha seli za korodani zitoe testosteroni. FSH huzihudumia seli zinazolea mbegu ndani ya mirija myembamba ya korodani.

Ubongo hupima muda wote testosteroni iliyomo kwenye damu. Sindano ikiijaza damu, ubongo huona imetosha na kusitisha amri. LH na FSH hushuka sana, na korodani huacha kutengeneza testosteroni yake. Hapa ndipo vijana wengi wanapopotea, maana damu imejaa homoni. Lakini mbegu hazikomai kwa testosteroni ya sindano. Zinahitaji ile inayotengenezwa palepale ndani ya korodani, ambako kiwango chake huzidi cha kwenye damu makumi ya mara. Ikikosekana, uzalishaji husimama, na kwa kuwa sehemu kubwa ya korodani ni mirija ya mbegu, nazo husinyaa.

Usidanganywe na manii. Majimaji yake mengi hutoka kwenye vifuko vya manii na tezi dume, kwa hiyo yanaweza kutoka kama kawaida na humo kusiwe na mbegu hata moja. Mwaka 1990 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliojaribu testosteroni kama uzazi wa mpango kwa wanaume, miligramu 200 kila wiki. Zaidi ya nusu yao waliishiwa mbegu kabisa ndani ya miezi sita. Wewe unatafuta mtoto huku unachomwa dawa iliyojaribiwa kuzuia mimba!

Hata hivyo, miezi minane haielezi miaka iliyotangulia. Huenda lipo jambo jingine la zamani, kama mishipa ya damu iliyovimba juu ya korodani, mara nyingi upande wa kushoto. Nasikitika kwamba mkeo alipimwa kwanza na wewe hadi leo hujapimwa. Kipimo cha manii ni rahisi na kingepaswa kufanyika mapema.

Sindano hizo ziache, lakini chini ya uangalizi wa daktari. Wiki za mwanzo unaweza kuchoka, kukosa hamu, hata kushikwa na huzuni. Hapo wengi hurudia sindano. Mbegu hutengenezwa kwa takriban miezi miwili na nusu, hivyo usitegemee mabadiliko ya haraka. Wengi hurejea hali yao ndani ya miezi sita hadi mwaka, wengine huchelewa zaidi, na wachache hawarejei kikamilifu. Zipo dawa za kuziamsha korodani, lakini aandike daktari baada ya kuona majibu ya damu. Usizitafute kwa huyo mwalimu.

Kabla ya kutoa manii ya kupimwa kaa siku mbili hadi saba bila kumwaga. Kama sindano mlichangia, pima pia VVU na homa ya ini. Nenda wiki hii kwa daktari wa mfumo wa mkojo na uzazi wa wanaume, nenda na mkeo, na umwambie daktari kila ulichochomwa.